Mstari wa Tarehe: Kwa Nini Lazima Uwepo, na Kwa Nini Umepinda

Kila siku, kwa muda wa saa mbili, dunia huwa na tarehe tatu kwa wakati mmoja. Katika miezi ya baridi, London ikiwa saa nne na nusu asubuhi ya Jumanne, Samoa ya Marekani bado ni usiku wa Jumatatu, saa tano na nusu, ilhali kisiwani Kiritimati, katika nchi ya Kiribati, Jumatano imeshaingia na ina nusu saa. Samoa ya Marekani na Kiritimati ziko katika bahari moja, Pasifiki, na jua la adhuhuri likishapita Kiritimati halichukui hata saa nzima kufika Samoa ya Marekani. Hata hivyo kalenda za sehemu hizo mbili hupishana kwa siku moja nzima, na kwa muda wa saa moja katika kila siku hupishana kwa siku mbili.

Mpaka unaozitenga kalenda hizo unaitwa Mstari wa Kimataifa wa Tarehe. Vitabu vingi vya jiografia huumaliza kwa maneno machache: ni longitudo ya digrii 180, anayeuvuka kwenda magharibi huongeza siku moja, anayeuvuka kwenda mashariki hupunguza siku moja. Maneno hayo yanatosha kujibu mtihani, lakini yanaficha mambo mawili yaliyo kiini cha habari yote, nayo ni kwa nini dunia haiwezi kuishi bila mpaka wa namna hiyo, na ni nani hasa anayeuchora. La pili ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Wengi hudhani kwamba mstari ulinyooshwa kwanza na mataifa makubwa, kisha nchi zikapewa tarehe kulingana na upande zilikoangukia, na kwamba mahali ulipopinda ni pale nchi fulani ilipoombewa udhuru. Mambo yalikwenda kinyume cha hivyo. Kila nchi hujichagulia tarehe yake, na mstari hupitishwa baadaye katikati ya zilizochagua hivi na zilizochagua vile.

Tuanze na ulazima wake. Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake kuelekea mashariki, ikimaliza digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa, au digrii moja kwa dakika nne. Kwa hiyo saa sita usiku haifiki kila mahali kwa pamoja. Huizunguka dunia kutoka mashariki kwenda magharibi, na kila inapopita huacha nyuma yake siku mpya. Tuseme kwamba sasa hivi iko juu ya Cairo, na siku inayoanza ni Jumanne. Ukitoka Cairo kwa mawazo ukaelekea mashariki, utakuta mahali ambapo ni saa saba usiku ya Jumanne, kisha saa nane, kisha alfajiri, kisha mchana. Ukizidi kusonga mbele utafika penye alasiri na penye magharibi, na hatimaye, ukiwa umeizunguka dunia yote, utatokea karibu na Cairo kwa upande wake wa machweo, mahali ambapo ni saa sita kasorobo usiku. Usiku wa siku gani? Kwa hesabu ya safari yako ni usiku wa Jumanne, kwa kuwa hukukutana na saa sita usiku nyingine njiani. Kwa hesabu ya wakazi wa hapo ni usiku wa Jumatatu, kwa kuwa saa sita usiku ndiyo kwanza inawakaribia.

Hesabu zote mbili ni sahihi katika kila hatua yake, na bado haziwezi kukubaliana. Njia ya kutoka ni moja tu: lazima kuna mahali fulani katika mzunguko huo ambapo ulivuka mpaka ukatoka Jumanne na kuingia Jumatatu bila saa kugeuka. Duara likikatwa mahali pamoja linabaki kipande kimoja. Ili kupata vipande viwili, kimoja cha jana na kimoja cha leo, ni lazima likatwe mahali pawili. Mkato wa kwanza ni saa sita usiku yenyewe, nao hautulii hata dakika moja. Mkato wa pili umetulia, na huo ndio mstari wa tarehe. Siku mpya huzaliwa pale mpaka unaotembea unapoufikia mpaka uliotulia, kisha hupanuka kuelekea magharibi saa baada ya saa, ikiisukuma siku ya zamani, mpaka siku hiyo ya zamani iishe kwa upande wa pili wa mstari huohuo.

Maumbile, basi, yanatulazimisha kuwa na mpaka wa pili, lakini hayasemi hata kidogo uwe wapi. Ungeweza kupita katikati ya Paris au juu ya mlima wowote, na hesabu ya jua isingeharibika.

Jambo hili liligunduliwa kwa kufikiri kabla ya kugunduliwa kwa kusafiri. Abulfida, mwanajiografia na mtawala wa Hama nchini Syria aliyefariki 1331, alieleza kwamba watu wawili wakiagana na mwenzao, mmoja akaizunguka dunia kwa kuelekea mashariki na mwingine kwa kuelekea magharibi, basi watakaporudi pamoja hesabu zao hazitalingana: wa mashariki atakuwa amehesabu siku moja zaidi ya yule aliyebaki, na wa magharibi siku moja pungufu. Sababu ni kwamba anayekwenda mashariki hulikabili jua, kwa hiyo kila siku yake ni fupi kidogo, na anayekwenda magharibi hulifuata, kwa hiyo kila siku yake ni ndefu kidogo.

Karibu karne mbili baadaye mabaharia waliyathibitisha hayo bila kukusudia. Msafara wa Ferdinand Magellan uliondoka Hispania tarehe 20 Septemba 1519 ukiwa na meli tano, ukielekea magharibi. Magellan mwenyewe aliuawa Ufilipino mwezi Aprili 1521, na meli iliyokamilisha mzunguko, Victoria, iliyoongozwa na Juan Sebastián Elcano, ilirejea tarehe 6 Septemba 1522 ikiwa na watu 18. Mwezi Julai, kabla ya kufika nyumbani, ilitia nanga katika Visiwa vya Kepuvede kutafuta chakula, na mabaharia waliotumwa nchi kavu wakaambiwa kwamba siku hiyo ni Alhamisi. Melini ilikuwa Jumatano. Antonio Pigafetta, Mwitalia aliyekuwa akiandika habari za safari siku baada ya siku, alishangaa sana, maana alikuwa na hakika kwamba hakuna siku aliyoiacha bila kuiandika. Na kweli hakuiacha. Safari yao ilidumu siku 1,082 kwa kalenda ya Hispania, na kwa kulifuata jua muda wote huo kila siku yao ilirefuka kwa wastani wa sekunde 80 hivi, kiasi ambacho hakuna mwanadamu angekihisi. Sekunde hizo zilipojumlishwa zikatimia saa 24, na jua likawa limewachomozea mara moja pungufu kuliko lilivyowachomozea waliobaki nyumbani.

Tangu hapo tarehe zilianza kusafiri pamoja na wafanyabiashara na wakoloni, na kila bandari ilishika tarehe ya watu walioijenga. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Manila na Macau. Wahispania waliweka makazi Ufilipino kuanzia 1565 wakitokea Meksiko, yaani walivuka Pasifiki kuelekea magharibi, na tarehe waliyoshuka nayo ufukoni ilikuwa ya Amerika. Wareno waliojenga Macau, katika pwani ya China, walikuja kwa kuizunguka Afrika na kuvuka Bahari ya Hindi kuelekea mashariki, na tarehe yao ilikuwa ya Asia. Kanisa lao lilikuwa moja, Katoliki, lakini Jumapili ya Macau ilikuwa Jumamosi ya Manila, na hali hiyo ilidumu kwa karibu miaka 280.

Manila haikuona sababu ya kubadilika, kwa kuwa macho yake yalielekea Acapulco, bandari ya Meksiko ambayo meli za biashara za Wahispania zilikwenda na kurudi hadi 1815. Meksiko ilipojitwalia uhuru 1821, na biashara ya Manila ikahamia kwa China na majirani wengine wa Asia, tarehe ya Amerika ikawa mzigo usio na faida. Gavana Narciso Clavería aliamuru tarehe 31 Desemba 1844 iondolewe katika kalenda ya Ufilipino, na hivyo Jumatatu ya tarehe 30 Desemba ikafuatwa na Jumatano ya tarehe 1 Januari 1845. Mstari wa tarehe, ambao hadi siku hiyo ulipita magharibi ya Ufilipino, ukawa umeruka upande wa mashariki kwa amri ya gavana mmoja.

Alaska ilipitia hayohayo kwa upande wa pili. Warusi walifika huko wakitokea Siberia, wakaja na tarehe ya Asia, na zaidi ya hapo walikuwa wakitumia kalenda ya Juliasi, iliyokuwa nyuma ya kalenda ya Gregori kwa siku 12 katika karne ile. Marekani ilipoinunua Alaska mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, marekebisho mawili yalifanywa kwa mpigo: mji wa Sitka ulilala Ijumaa ya tarehe 6 Oktoba na kuamka Ijumaa ya tarehe 18 Oktoba. Namba ya tarehe ilisonga mbele kwa sababu ya kalenda, na jina la siku likarudiwa kwa sababu ya mstari wa tarehe.

Nimeyaweka matukio haya mawili mbele ya mkutano maarufu wa Washington kwa makusudi, kwa kuwa mkutano huo hupewa sifa isiyo yake. Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana katika mji huo kuchagua longitudo ya kuanzia kuhesabia. Kwa kura 22 dhidi ya moja, Ufaransa na Brazil zikijizuia kupiga kura, waliichagua ile inayopita katika kituo cha uchunguzi wa nyota cha Greenwich, Uingereza, kwa sababu iliyokuwa ya kivitendo kabisa: sehemu kubwa ya meli za dunia tayari zilikuwa zikitumia ramani zilizohesabiwa kutoka hapo. Walikubaliana pia kwamba longitudo zihesabiwe pande zote mbili, mashariki na magharibi, hadi digrii 180. Kuhusu mahali ambapo tarehe hubadilika hawakupitisha azimio lolote. Mstari wa digrii 180 ulijitokeza wenyewe kama upande wa pili wa Greenwich, na kwa bahati njema upande huo karibu wote ni maji, ukigusa nchi kavu katika sehemu chache tu, kama vile Chukotka na kisiwa cha Wrangel nchini Urusi, baadhi ya visiwa vya Fiji, na bara la Antaktika.

Hadi leo hakuna mkataba wa kimataifa unaosema mstari wa tarehe upite wapi, wala hakuna chombo kilichopewa mamlaka ya kuulinda. Mamlaka ya kupanga saa na tarehe ni ya kila nchi ndani ya mipaka yake, na nchi inapotangaza kwamba saa zake ziko mbele au nyuma ya saa za kimataifa, zinazojulikana kwa kifupi kama UTC, kwa hatua hiyohiyo imeshatangaza iko upande gani wa mstari. Kazi ya kuuchora imebaki kwa watengeneza ramani, ambao huangalia visiwa vipi vina tarehe gani kisha hupitisha mstari katika maji yaliyo katikati yao. Kona zake nyingi tunazoziona zimenyooka vizuri kwenye ramani ni za rula ya mchoraji. Katika bahari yenyewe, maili mia moja huku au kule hazibadilishi kitu, kwa kuwa hakuna anayeishi hapo.

Tukiufuata kutoka kaskazini, kona ya kwanza iko kwenye Urusi. Longitudo ya digrii 180 inaikata Chukotka, na kama mstari ungeifuata, ncha ya mashariki ya Urusi ingekuwa na tarehe tofauti na nchi nzima. Hivyo mstari unapinda kwenda mashariki hadi Mlangobahari wa Bering na kupita kati ya visiwa viwili vidogo vya Diomede. Mpaka huo ulitajwa katika mkataba wa kuuziana Alaska, na ndio unaozitenga Urusi na Marekani hadi leo. Diomede Kubwa ni ya Urusi na haina raia wanaoishi huko. Diomede Ndogo ni ya Marekani na ina kijiji chenye watu wasiofika 100. Kati yao pana maji yasiyofika kilomita nne, na maji hayo huganda wakati wa baridi. Mwanakijiji wa Diomede Ndogo akitazama ng'ambo majira hayo ya baridi, saa tatu asubuhi ya Jumatatu, kisiwa anachokiona kwa macho kiko saa kumi na mbili asubuhi ya Jumanne. Tofauti ya saa ni 21, wala si 24, kwa sababu kila upande umechagua saa zinazoendana na mikoa jirani ya nchi yake.

Baada ya hapo mstari unarudi magharibi, na kuvuka digrii 180, ili kuvikumbatia Visiwa vya Aleuti. Kisiwa cha mwisho cha mlolongo huo, Attu, kiko karibu na digrii 173 mashariki, yaani kwa ramani kiko katika nusu ya mashariki ya dunia, lakini ni sehemu ya Alaska na tarehe yake ni ya Alaska.

Kona iliyo kubwa kuliko zote ni ya Kiribati, na inastahili kuangaliwa kwa karibu. Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 12 Julai 1979 ikiwa na makundi matatu ya visiwa yaliyotawanyika katika bahari pana, na ukienda kutoka makao makuu, Tarawa, hadi Kiritimati unasafiri zaidi ya kilomita 3,000. Tarawa ilikuwa magharibi ya mstari, na Visiwa vya Phoenix na vya Line vilikuwa mashariki yake, kwa hiyo serikali moja ilikuwa na tarehe mbili. Jumatatu ofisi za Tarawa zilipofunguliwa, Kiritimati ilikuwa Jumapili. Ijumaa ofisi za Kiritimati zilipofunguliwa, Tarawa ilikuwa Jumamosi. Zilibaki siku nne tu kwa wiki ambazo mtumishi wa upande mmoja angeweza kumpata mwenzake kazini upande wa pili. Chini ya Rais Teburoro Tito, serikali iliamua kwamba kuanzia mwanzoni mwa 1995 nchi yote itakuwa na tarehe moja, ile ya Tarawa. Visiwa vya mashariki viliruka siku moja, na mstari ukalazimika kuchorwa upya ukiwa na tumbo linalofika karibu na digrii 150 magharibi, umbali wa zaidi ya kilomita 3,000 kutoka mahali ambapo ungepita kama ungekuwa umenyooka.

Uamuzi huo ulileta jambo lisilo la kawaida. Saa za Visiwa vya Line zikawa mbele ya UTC kwa saa 14, na visiwa hivyo vikawa vya kwanza duniani kuingia katika kila siku mpya, ilhali Hawaii, ambayo longitudo yake inakaribiana na ya Kiritimati, ilibaki nyuma ya UTC kwa saa 10. Mikono ya saa ukutani inaonyesha wakati uleule sehemu zote mbili, dakika kwa dakika, na tarehe inapishana kwa siku moja kamili. Mwaka 2000 ulipokaribia walikuwapo waliolalamika kwamba Kiribati imepinda mstari ili ipate sifa na watalii wa kuipokea karne mpya kabla ya wengine, na ni kweli kwamba kisiwa chake cha Caroline kilipewa jina jipya la kisiwa cha Milenia. Kwa maoni yangu lawama hiyo haina uzito. Nchi ambayo ofisi zake zinakutana siku nne kwa wiki ina sababu ya kutosha bila kutafuta watalii, na tena haikuhitaji ruhusa ya mtu.

Samoa ndiyo inayoonyesha waziwazi kuliko nchi yoyote kwamba tarehe hufuata biashara, kwa kuwa imehama mara mbili, kila mara kuelekea upande tofauti. Mwaka 1892, katika utawala wa mfalme Malietoa Laupepa, wafanyabiashara wa Kimarekani waliishawishi ichukue tarehe ya Amerika ili kurahisisha biashara na California. Siku iliyorudiwa ilikuwa tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, na kwa kuwa mwaka huo ulikuwa mrefu tayari, Samoa ilipata mwaka wenye siku 367. Karne moja baadaye Wasamoa wengi walikuwa wakiishi New Zealand na Australia, fedha walizotuma nyumbani zilitoka huko, na bidhaa nyingi zilitoka huko. Ijumaa ya Samoa ilikuwa Jumamosi ya Auckland, na Jumapili, wakati Wasamoa wako kanisani, Sydney ilikuwa Jumatatu na shughuli zimeshaanza. Waziri Mkuu Tuilaepa Sailele Malielegaoi alisema kwamba nchi inapoteza siku mbili za kazi kila wiki, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Hivyo Samoa ilitoka Alhamisi ya tarehe 29 Desemba 2011 ikaingia Jumamosi ya tarehe 31. Ijumaa ya tarehe 30 haikuwepo kabisa katika kalenda ya nchi hiyo, na Tokelau, visiwa vilivyo chini ya New Zealand, ilifanya vivyo hivyo siku hiyohiyo. Waajiri walitakiwa kuwalipa wafanyakazi mshahara wa Ijumaa ambayo haikufanyiwa kazi. Samoa ya Marekani, ambayo watu wake ni ndugu wa damu wa Wasamoa hao, ilibaki ilipokuwa kwa sababu uhusiano wake ni na Marekani. Ndege inayoondoka Apia, mji mkuu wa Samoa, Jumamosi asubuhi hutua Pago Pago katika Samoa ya Marekani, umbali usiofika kilomita 150, Ijumaa asubuhi.

Tonga na Fiji hazina hadithi ndefu hivyo. Tonga iko mashariki ya digrii 180, lakini imejiweka pamoja na New Zealand na Fiji. Fiji nayo inakatwa na longitudo hiyo, hasa katika kisiwa cha Taveuni, na imeamua kuwa na tarehe moja kwa visiwa vyake vyote. Mstari unavizungukia visiwa hivyo kwa upande wa mashariki, ukajumuisha pia Visiwa vya Chatham vya New Zealand, kisha unairudia digrii 180 na kushuka kusini.

Sasa tunaweza kuifafanua kanuni ile ya vitabuni kuhusu kuongeza na kupunguza siku, ambayo huwachanganya wengi kwa kuwa anayeambiwa ameongeza siku ndiye hasa aliyeikosa. Anayevuka kwenda magharibi huisogeza kalenda yake mbele, kwa mfano kutoka Jumatatu hadi Jumanne, kwa hiyo sehemu ya siku humpita bila kuiishi. Anayevuka kwenda mashariki huirudisha nyuma na kuiishi siku moja mara mbili. Hakuna saa ya umri inayopotea wala kuongezeka, kwa sababu kinachobadilika ni jina la siku. Na kwa kuwa saa za dunia sasa zinaanzia saa 14 mbele ya UTC hadi saa 12 nyuma yake, za mwisho zikiwa za visiwa vya Baker na Howland vya Marekani ambavyo havikaliwi na watu, tarehe yoyote ile huishi duniani kwa jumla ya saa 50 tangu inapoanza Kiritimati hadi inapokwisha kabisa. Ndiyo maana hakuna dakika hata moja ambayo dunia nzima ina tarehe moja.

Katika bahari kuu, mbali na maji ya nchi yoyote, kona zote tulizozitaja hazina nguvu. Kwa utaratibu uliopendekezwa katika mkutano wa Waingereza na Wafaransa wa 1917, bahari imegawanywa katika kanda za saa zenye upana wa digrii 15, na mpaka wa tarehe kwa meli ni digrii 180 iliyonyooka. Antaktika, ambako longitudo zote hukaribiana hadi kukutana, kanuni ya jua inakosa maana kabisa, na vituo vya utafiti huchagua saa za nchi vinakohudumiwa: kituo cha Marekani cha Amundsen-Scott, kilicho kwenye ncha ya kusini yenyewe, hutumia saa za New Zealand kwa sababu ndege na shehena zake hupitia huko.

Wapo, hata hivyo, ambao uamuzi wa serikali hauwatoshi, nao ni waumini ambao siku yao ya ibada wanaamini imewekwa na Mungu. Mwaka 1941 wakimbizi wa Kiyahudi waliokuwa Kobe, Japani, waliuliza marabi wa Palestina, yaani wanazuoni wa dini yao, wafunge Yom Kippur, siku yao kuu ya kufunga, siku gani. Marabi waliokutana Yerusalemu waliona wafuate Jumatano kwa kalenda ya Japani. Rabi Avrohom Yeshaya Karelitz, anayejulikana zaidi kwa jina la Chazon Ish, aliwajibu kwa simu ya maandishi kwamba Jumatano wale chakula na Alhamisi wafunge. Kwake, mpaka wa siku huhesabiwa kutoka Yerusalemu, digrii 90 kuelekea mashariki, na Japani iko ng'ambo ya mpaka huo, kwa hiyo Alhamisi ya Wajapani ndiyo Jumatano ya kweli. Swali lao lilikuwa swali halali, na hakuna kipimo cha kisayansi ambacho kingeweza kulijibu.

Waadventista Wasabato wa Tonga nao husali Jumapili, wakati wenzao karibu kote duniani husali Jumamosi, kwa sababu wanaihesabu siku kwa longitudo ya digrii 180 iliyonyooka, na kwa hesabu hiyo Jumapili ya Tonga ni Jumamosi. Samoa ilipohamisha tarehe 2011, Wasabato wa huko walijikuta mbele ya swali hilohilo. Kanisa lao liliamua kuendelea na mzunguko wa siku saba usiokatika, ambao sasa unaangukia Jumapili ya kalenda mpya, na baadhi ya waumini wakajitenga, wakabaki na siku inayoitwa Jumamosi.